Nywele za Mama Dalmas

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hajapokea kikombe cha chai, Mama Dalmas alikuwa na swali lake moja, na Peres alikuwa na jibu lake moja.

"Mmemwona?"

"Bado, mama."

Hapo ndipo angenyoosha mkono apokee chai, mkate na yai la kuchemsha, aanze kula polepole kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Na kweli hakuwa na pa kwenda. Mwanawe Dalmas, kibarua wa mjengo kule Spring Valley, ndiye aliyempigia simu aje Nairobi atibiwe mguu. Alimwambia akishuka kwenye basi aketi kwenye kibaraza cha duka la rangi hapo Kirinyaga Road, na asiondoke mpaka aje kumchukua. Mama aliketi. Simu ya Dalmas ilizimika siku hiyohiyo. Sasa miaka miwili na nusu ilikuwa imepita, mguu ulikuwa umepona wenyewe vibaya, na mama mtu bado alikuwa ameketi pale pale alipoambiwa.

Msije mkadhani hakutafutiwa. Kundi la akina Peres, lililowaletea chai waliolala vibarazani, lilizunguka vituo vya polisi, hospitali na vyumba vya maiti, likabandika picha ya Dalmas kwenye nguzo hadi gundi ikaisha. Lilikuwa kundi la mchanganyiko: kina mama wa kanisa la Peres, wapishi wa gurudwara, hekalu la Makalasinga ambako chakula hupikiwa yeyote anayeingia, na vijana wa pande zote mbili. Wengi wa vijana hao walikuja kwa sababu shule iliwadai barua ya kuonyesha kwamba wamejitolea. Walipoipata barua hatukuwaona tena. Waliobaki ni wachache, na miongoni mwao ni Quincy, kitinda mimba wa Peres, ambaye hakuwa na hiari maana mamake ndiye aliyemwamsha, na Tara, msichana wa miaka kumi na saba, bintiye Inderjit mwenye gari la kubebea vyakula. Tara alikuja kwa kupenda mwenyewe.

Peres alikuwa msusi wa Kenyatta Market. Miaka ishirini na miwili alikuwa amesimama kwenye kibanda kilekile, moshi wa nyama choma ukimwingia puani na umbea wa wateja ukimwingia masikioni, na alipenda kusema kwamba hajazaliwa mwenye kichwa cha kumshinda. Basi kichwa cha Mama Dalmas kilimshinda. Nywele zilikuwa zimeota, zikashikana, zikawa mzigo mzito uliomlalia mabegani, na ndani yake mlijaa chawa na vumbi na Mungu ndiye ajuaye nini kingine. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi ilikuwa siku ya nywele. Peres alipanga viti kwenye kibaraza, akanyoa wanaume, akasuka wasichana wenye vitoto mgongoni, na kila mara alimbembeleza Mama Dalmas naye apate zamu. Mama Dalmas alijifunga leso kichwani akageukia ukuta.

"Aunty, umewahi kumuuliza mbona hataki?" Tara alimwambia siku moja.

Peres alicheka. Alimweleza kwamba mtu akikaa nje muda mrefu akili hung'ang'ania kitu kimoja, awe na gunia, awe na kijiti, na huyu ameng'ang'ania nywele. Tara hakucheka. Yeye na babake walikuwa na nywele ambazo mkasi haujawahi kuzigusa tangu wazaliwe, na siku za nywele Inderjit aligeuza uso kidogo, akajipa shughuli na birika la chai.

"Labda ako na reason," Tara alisema.

Ni ajabu, maana kati ya hao wawili, aliyepaswa kuijua sababu ni Peres. Lakini alikuwa na vichwa tisa vinavyomngoja, akamwambia msichana alete maji.

Julai ikaja na baridi yake. Hapo kibarazani, hatua tatu kutoka kwa Mama Dalmas, alilala mzee mmoja mcheshi aitwaye Kilonzo, ambaye kila Jumamosi aliomba sukari zaidi na kila Jumamosi alimchumbia Peres. Jumatano moja kulipopambazuka alikutwa amekauka ndani ya katoni zake. Jumamosi iliyofuata kundi lilipofika katoni bado zilikuwepo, na Mama Dalmas alikuwa akikohoa kikohozi cha chini, kile kinachotoka tumboni. Peres alimshika mkono. Ulikuwa moto, na mwepesi mno.

Aliporudi kazini siku hiyo alikosea mistari ya kichwa cha mteja mara mbili. Alijiambia kwamba huyu hatamwacha. Wengine waende, Mungu amsamehe kwa kusema hivyo, lakini huyu wa Gem, ambaye kutoka kwao hadi kwa kina Peres huko Bunyore ni umbali wa kutupa jiwe tu, huyu hafi kwenye saruji. Alipiga simu kwa kila mtu aliyemjua na kwa wengi ambao hakuwajua. Siku ya tano akampata Sista Stellah, mtawa anayesimamia nyumba ya wazee huko Karen. Sista alikuwa na kitanda kimoja. Alikuwa na masharti mawili pia: mama aje kwa hiari yake, na nywele zitoke kabla hajaingia, kwa sababu ya wazee wengine. Kitanda kingengoja hadi Jumamosi mchana, basi.

Lile sharti la hiari ndilo lililomtia Peres hofu. Mara tatu walikuwa wamemtafutia Mama Dalmas mahali pa kulala, na mara tatu alikataa kwa upole uleule. Dalmas akija atanikosa, alisema.

Jumamosi ilipofika, Peres alikuwa ameamka na neno moja tu kichwani: kunyoa. Aliamini kwamba nywele zikishatoka, mengine yatajipa. Walipofika Kirinyaga Road hakungoja chai ishushwe. Alichukua beseni la maji ya moto, sabuni na wembe mpya, akaenda moja kwa moja mpaka alipoketi Mama Dalmas, akapiga magoti mbele yake. Hakumpa nafasi ya kuuliza swali lake. Alisema naye kwa Kijaluo, lugha ya majirani wa Gem aliyoijua tangu utotoni, ili jambo liwe la watu wa nyumbani.

"Mama, leo nimekuja kukunyoa."

Mama Dalmas alimtazama. Alitazama beseni, akatazama wembe, akamtazama tena usoni kwa muda mrefu.

"Lazima iwe leo?"

"Lazima iwe leo, mama."

Mama Dalmas alifungua leso yake kichwani, akaikunja mara nne, akaiweka mapajani. Kisha akainamisha kichwa.

Peres alifurahi mno. Alimkonyezea Tara kwa mbali, kama kusema umeona, mtoto, umeona kazi? Alilowesha, akapaka sabuni, akaanza kunyoa kutoka kwenye paji la uso kwenda nyuma. Mafundo yaliangukia kwenye gazeti mojamoja, na ngozi ya chini ilikuwa nyororo na ya rangi ya maji ya kunde, kama ya mtu mwingine. Alikuwa amefika katikati ya utosi aliposikia sauti. Mama Dalmas alikuwa anaimba. Aliimba kwa chini sana, mdomo umefungwa nusu, na Peres akaujua ule wimbo kabla hajajua kwamba anaujua. Ni ule ambao wanawake huuanza wakiwa bado barabarani, wanapolikaribia boma lenye msiba.

Mkono wake ukasimama.

Kwao Bunyore, na kwa hao majirani wa Gem, mtu hazikwi hivi hivi watu wakatawanyika. Baada ya maziko wafiwa hunyolewa. Wembe ukimgusa mama kichwani, basi mwanawe amekwisha kwenda, na mwanamke wa nyumbani ndiye huja kuushika. Mama ambaye hajui kama amefiwa au anangoja haruhusu wembe umguse. Akiuruhusu, amekubali. Peres aliyajua haya yote. Yeye mwenyewe alinyolewa huko kwao Luanda, Bunyore, siku walipomzika mamake, na alikumbuka hata jinsi upepo ulivyompuliza kichwani. Lakini miaka ishirini na miwili ya kunyoa kwa ajili ya mba, kwa ajili ya fasheni na kwa ajili ya mashilingi machache ilikuwa imemfanya auone wembe kuwa chombo cha kazi tu. Aliyewahi kuuliza alikuwa mtoto wa Kalasinga, na yeye alimjibu kwa kicheko.

"Ulimwona wewe mwenyewe?" Mama Dalmas aliuliza, bila kuinua kichwa.

Peres angeweza kusema ukweli. Nafasi ilikuwepo, na mimi sitamtetea kwa kusema haikuwepo. Lakini aliinua macho akaona Inderjit amekwisha fungua mlango wa gari, injini inanguruma. Akaona katoni za Kilonzo. Akakisikia kile kikohozi kikipanda kutoka tumboni. Akaona na kichwa chenyewe, nusu kimenyolewa, nusu bado, na akajua kwamba akisema hapana, yule mama atajifunga leso yake juu ya nusu hiyo na kugeukia ukuta, na Agosti haitamkuta hai.

"Nilimwona, mama," alisema.

Mama Dalmas alilia bila kelele. Machozi yalimdondokea kwenye leso iliyokunjwa. Baada ya muda alishusha kichwa zaidi kidogo, ili Peres afike upande uliobaki, na Peres akamaliza kunyoa. Walipomsimamisha aliingia garini mwenyewe, kwa hiari, kama Sista Stellah alivyotaka. Wachira, mlinzi wa duka la rangi, alisimama akavua kofia. Mmoja wa waliolala hapo, aliyejua Kijaluo, alikuwa amemnong'onezea habari, na kabla ya saa sita ilikuwa imefika kwa kila alalaye nje kati ya hapo na mtoni, kwamba mtoto wa yule mama amepatikana, amekufa. Watu wa kundi peke yao hawakuambiwa, kwa kuwa kila mtu alidhani wao ndio walioileta.

Karen walimpokea vizuri. Alipewa kitanda kando ya dirisha, sweta, soksi za sufu na uji mara tatu kwa siku. Daktari alimtazama kifua. Wiki ya pili kikohozi kilipungua, wiki ya tatu kikaondoka. Kwenye simu za kundi zilizunguka picha zake akiwa ameketi juani kwenye nyasi, kichwa kinang'aa, na watu wakatuma mioyo na mikono ya kusali. Peres hakuzifungua.

Alimtembelea kila Jumapili, na kila Jumapili Mama Dalmas alikuwa na jambo jipya la kuuliza. Alianguka wapi? Kwenye mjengo, mama, ghorofa ya tatu. Nani alimwokota? Wenzake. Amelala wapi? Lang'ata, mama, wamezikwa pamoja wale wasiojulikana kwao. Macho yalikuwa yamefungwa? Yalikuwa yamefungwa. Na viatu? Alikuwa na viatu. Mama Dalmas aliitikia kwa kichwa kila jibu, akashukuru. Sista Stellah alisema siku hizi analala usingizi mzuri. Peres yeye hakulala. Alifika mahali akawa anamwona huyo Dalmas wa uongo waziwazi, na viatu vyake miguuni, akamwogopa.

Tara alikwenda naye Jumapili ya nne, amebeba ndizi na maembe. Mama Dalmas, ambaye kwa Kiswahili alisema machache, alimshika msichana shavu akamwambia aunty yake ni mtu mzuri, kwa sababu ndiye aliyemwona mtoto wake. Tara alitabasamu akasema ndiyo. Alinyamaza mpaka wote watatu, yeye, babake na Peres, walipokuwa garini, Ngong Road imewashika kwa foleni.

"Aunty, ulimwona lini?"

Peres alitazama nje.

"Si ungetuambia? Mimi na Quincy tumebandika picha mpaka last month."

Hapo Peres akawaeleza. Aliwaeleza yote, wembe na wimbo na neno lenyewe, na aliposema alisikia jinsi linavyosikika. Inderjit alisogeza gari hatua chache. Kisha akamwambia bintiye kwamba yule mama ako na kitanda, ako na daktari, hakohoi tena, sasa anataka nini zaidi?

"Nataka achague mwenyewe," Tara alisema. "Hatukumpea nafasi."

Babake alimwambia bado ni mtoto, iko siku ataelewa. Hilo ndilo neno tunalowaambia vijana tukiishiwa na majibu. Jumamosi iliyofuata Tara hakuja, wala ile nyingine. Nyumbani kwa Peres, Quincy, ambaye kwa kawaida maneno yake mezani hayazidi kuomba chumvi, aliweka kijiko chini akamuuliza mamake: "Mum, mimi nikipotea, utataka wakuambie nini?" Peres alimwambia ale chakula kabla hakijapoa.

Wiki ya sita Mama Dalmas alimwambia Peres kwamba amepona na sasa anataka kwenda nyumbani. Alikuwa amelipanga lote. Kwa kuwa mwili wa Dalmas hautoki tena Lang'ata, atazikiwa tunda la yago, yaani mwegea, lile refu zito ambalo wazee wa kwao hulilaza kaburini mahali pa mtu asiyepatikana. Litachimbiwa shimo la kweli, litaliliwa kilio cha kweli, ili kijana apumzike kwao. Jambo moja tu lilibaki. Mbele ya waombolezaji lazima asimame mtu aeleze marehemu alivyofikwa na mauti.

"Utasimama wewe," Mama Dalmas alisema. "Mimi sikumwona. Wewe ulimwona."

Uongo wa kibarazani ni uongo wa watu wawili. Huu sasa ungekuwa wa ukoo mzima, na wa shimo. Mtu akishalaziwa yago kaburini mahali pake, kwao amekwisha. Akitokea langoni siku moja na mfuko wake mgongoni, nani atamfungulia? Peres alimwambia mama watazungumza Jumapili ijayo. Usiku huo alimtumia Tara ujumbe: Nitamwambia ukweli. Naomba uwepo.

Jumapili hiyo yeye, Tara na Inderjit walimkuta mama chini ya ukuta wa bustani, akipukuchua maharagwe ndani ya ungo pamoja na wazee wengine wawili. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, fupi na nyeupe tupu. Peres alimwomba wakae pembeni. Hakupiga magoti safari hii. Alisimama, kwa maana alihisi akipiga magoti ataanza kuomba msamaha kabla ya kusema kosa.

"Mama, sikumwona. Hakuna aliyemwona. Nilikudanganya ili utoke kwenye baridi. Sijui kama Dalmas yuko hai au amekufa. Sijui chochote."

Mama Dalmas alipeleka mkono kichwani, akajipapasa taratibu kutoka mbele mpaka kisogoni. Tara, aliyekuwa nyuma hatua chache na ambaye hakujua neno la Kijaluo, alianza kulia kwa kuuona tu ule mkono.

"Umenifanya nimlilie mtu aliye hai," Mama Dalmas alisema. Hakupandisha sauti. Alikung'uta maganda ya maharagwe kwenye sketi yake, akasimama. "Nirudishe."

"Wapi, mama?"

"Aliponiambia nikae."

Walisema naye wote. Sista Stellah alisema naye kwa imani, Inderjit kwa upole, mikono amekunja kifuani, na Peres mwishowe alipiga yale magoti aliyokuwa ameyazuia. Alimwambia huko atakufa, atakufa kama Kilonzo, kabla ya Krismasi. Mama Dalmas alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza tu kama mlango umefungwa, na Sista, ambaye ni mtu mkweli, akasema hapana, hapa hakuna mfungwa. Basi akaingia ndani akavaa viatu. Sista alimfuata na blanketi, akamwekea kwapani kwa nguvu.

Garini Tara aliketi nyuma na mama, amemshika mkono. Katikati ya safari aliinamia mbele akamwambia Peres kwa sauti ndogo, "Aunty, sikutaka hii." Peres alimjibu kwamba anajua. Hakuwa na hasira naye hata chembe. Alitamani angekuwa nayo.

Kirinyaga Road ilikuwa na usingizi wa Jumapili, maduka mengi yamefungwa. Katika pembe ya kibaraza palikuwa na mabunda ya mtu mwingine, lakini Wachira alipomwona mama akishuka alikuja mbio, akayasogeza, akatandika katoni mbili safi. Alimwita mama, akamwambia karibu tena, na macho yake yakawa yanamkimbia Peres.

Mama Dalmas aliketi, akajifunika blanketi miguuni. Alimuuliza Wachira kwa Kiswahili chake cha taabu kama kuna mtu amekuja.

"Hakuna mtu, mama. Hakuna," Wachira alisema.

Kisha akamshika Peres kiwiko, akamvuta mpaka nyuma ya gari.

"Kuna jamaa alikuja," alisema. "Wiki mbili zimepita, siku ile mvua ilinyesha mchana. Aliuliza kama kuna mama alishukia hapa kitambo na hakutoka."

Peres alimshika mkono. "Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia vile sisi wote tunajua. Nikamwambia huyo mama alipata habari mtoto wake amekufa, akanyolewa, akaenda na watu wake." Wachira alijifuta uso kwa kofia. "Alisimama hapo kidogo. Halafu akaenda. Sikuuliza jina, madam. Ningejuaje? Si ni nyinyi mlisema?"

"Hakuacha namba?"

"Hakuacha kitu. Sasa mimi nimeona huyu mama nisimwambie. Ataumia bure."

Peres alimtazama yule mlinzi, mtu mwema, mwenye koti lililomzidi, aliyekuwa tayari kubeba jambo hilo peke yake ili mama asiumie. Hakuwa na neno la kumlaumu. Inderjit alikuwa ameegemea usukani, kichwa chini. Tara alikuwa amechuchumaa kibarazani, anamfunga mama soksi.

Alirudi, akaketi chini kwenye saruji, mbele ya Mama Dalmas, uso kwa uso. Saruji ilikuwa baridi kupita alivyodhani miaka yote aliyokuja hapa amesimama. Alimwambia lote, siku, mvua, swali la yule mtu na jibu alilopewa. Alimwambia pia kwamba huenda hakuwa Dalmas, huenda alikuwa mtu mwingine yeyote, kwa kuwa hilo nalo lilikuwa kweli.

Mama Dalmas alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Alikuwa amekonda?" aliuliza.

Peres aligeuka akamuuliza Wachira kwa Kiswahili, na Wachira akatikisa kichwa. Ilikuwa mvua, yule mtu alijifunika. Neno moja lingetosha. Hapana, mama, alikuwa na afya. Lilikuwa limemjia mpaka kwenye ulimi, tamu na jepesi, na hakuna ambaye angelijua.

"Sijui, mama," alisema.

Mama Dalmas aliitikia kwa kichwa. Alijifunga leso yake, akaikaza, akaegemea ukuta. Halafu akaweka kiganja begani kwa Peres na kumsukuma taratibu upande mmoja.

"Sogea kidogo," alimwambia. "Unanizibia barabara."